Sabina Lukasi Namahala, Aliyeijua Siku ya Bamvua

Wapendwa waombolezaji, ratiba mliyoishika mikononi ina wasifu kwenye ukurasa wake wa pili. Ni mistari kumi na miwili, imepigwa chapa vizuri, na inasema kwamba marehemu aliugua kwa muda mfupi, kisha akaitwa na Muumba wake. Hakuna uongo ndani yake. Mama mzazi wa marehemu, Mama Yustina, ameomba usisomwe, kwa sababu amechoshwa na karatasi za ofisini zisizo na uongo ndani yake.

Wasifu unaosomwa sasa umeandikwa kwa mkono na Josephu Lukasi Namahala, kaka pekee wa marehemu, karani wa masjala, na ndiye huyu anayeusoma. Mama amemwagiza ajitaje kwa jina kama anavyowataja wengine. "Ukisema mimi, mimi, utaanza kujionea huruma," alimwambia. Amemwagiza pia aeleze mambo mawili bila kuyapaka asali: kwa nini mtoto wake hakupata shahada ilhali alibakiza mitihani miwili tu, na kwa nini watu kumi na mmoja wa Nakolonji walikufa maji mahali ambapo Sabina alikwisha kuandika kwamba watakufa. Yasipoelezwa hayo, mama amesema, Josephu asithubutu kugusa udongo wa kaburi hili.

Marehemu Sabina alizaliwa Ufukoni, hapa Mtwara, Jumanne tarehe 14 Februari 1950, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu Mzee Lukasi Namahala, mzaliwa wa Masasi aliyekuwa karani wa bandari, na Mama Yustina aliyeketi hapa mbele. Alikuwa mtoto mwembamba, mbishi, mwenye maswali ya kuchosha. Baba yake alizoea kunakili saa za maji kujaa na kupwa kutoka kitabu cha bandarini, kwenye karatasi ya pakiti ya sigara, na kuja nayo nyumbani wakati wa chakula cha mchana. Sabina akiwa na miaka tisa alikuwa akiinyakua karatasi ile, anaazima saa ya baba iliyomlegea mkononi kama bangili, anakimbia hadi Shangani alikochomeka kijiti chake mchangani, na kurudi akitweta. "Baba, leo kitabu kimekosea robo saa." Mzee Lukasi alikuwa anajibu bila kuinua macho kwenye sahani: "Kitabu hakikosei, mama. Bahari ndiyo imechelewa kazini." Walicheka wote, hata Josephu, ambaye siku hizo alimpenda mdogo wake bila hesabu yoyote.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1958 katika shule ya misheni, akamaliza la nane mwaka 1965, na mwaka uliofuata akapelekwa sekondari ya wasichana Tabora. Huko alikaa miaka sita, akirudi nyumbani mara moja kwa mwaka. Baba yao alifariki tarehe 3 Agosti 1969 Sabina akiwa kidato cha nne, na habari zilimfikia mazishi yamekwisha. Alimaliza kidato cha sita mwaka 1971, akaitumikia nchi katika Jeshi la Kujenga Taifa nusu ya kwanza ya mwaka 1972, na mwezi Julai mwaka huohuo akaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kusomea shahada ya sayansi: elimu ya mimea, elimu ya wanyama, na mwaka wa mwisho mazingira ya pwani.

Siku ya kuagana, baba mdogo alifunga safari kutoka Masasi kuja kumpa baraka, akamhoji mbele ya watu. "Ukitoka huko utakuwa daktari?" "Hapana, baba." "Mwalimu?" "Pengine, lakini sicho ninachoendea." "Sasa unaendea nini miaka mitatu?" Sabina akasema, "Nataka kuyajua matope, baba. Matope ya mikoko." Baba mdogo aliwageukia wenzake akiwa amekata tamaa. "Matope! Si tunayo hapa bure?" Neno hilo lilimfuata hadi kwenye barua. Kila alipomwandikia baba mdogo, alijiita Binti Matope, na mzee yule, ambaye yuko nasi leo, alikuwa anawaonyesha watu barua zile sokoni.

Katika chumba cha majaribio walikuwa wanaume thelathini na wasichana watatu. Aliandika kwamba mwanzoni wenzake walimwachia kazi ya kuosha vyombo, naye akaosha mwezi mzima. Mwezi wa pili aliwasomea makosa yao yote aliyokuwa akiyaona huku anaosha. Kuanzia hapo kila mtu aliosha chake. Mwalimu wake wa mimea alimshauri achague utafiti mdogo karibu na chuo, lakini akasema anakwenda mdomo wa Ruvuma, kwa sababu mikoko ya kule hakuna aliyeipima, na kwa sababu mama yake yupo njiani.

Basi kazi ya marehemu, ambayo wasifu wa namna hii hudai itajwe, ni ile. Haikuwa na mshahara. Likizo ya mwaka 1973 na ile ya 1974, Aprili hadi Juni, alipanda lori, akapita Madimba na kuteremkia Nakolonji, kijiji kidogo cha wakulima wa korosho na mihogo kilichokaa juu ya kilima cha mchanga. Chini ya kilima kuna uwanda mpana wa chumvi, tambarare kama sakafu, na mbele ya uwanda ndiyo mikoko inaanza. Sabina alichomeka vijiti arobaini kutoka mikokoni hadi miguuni pa kilima, kila kimoja na alama nyekundu, na kila maji yalipojaa aliandika yamefika wapi.

Mwenyeji wake alikuwa Bi Zuhura binti Shabani, mjane, kiongozi wa wanawake wa pale wanaotanda uduvi, wale kamba wadogo, kwa nguo mikokoni. Huyu hakuwahi kushika kalamu, lakini Sabina alisema mbele ya kila mtu kwamba nusu ya shahada yake ni ya Bi Zuhura. Ndiye aliyemwonyesha kwamba juu kabisa, kwenye uwanda mkavu ambako mgeni angedhani bahari haijawahi kufika, kuna visiki vya mti uitwao mchu. "Mwali, mchu hauoti pasipo maji ya chumvi," alimwambia. "Ukiona mchu, jua bahari ina kiwanja chake pale. Imesafiri tu, itarudi." Na tarehe 8 Aprili 1974, siku mbili baada ya mwezi mpevu, Ruvuma ikiwa imeshiba mvua za bara, bahari ilirudi. Vijiti vyote arobaini vililowa, na Sabina alisimama maji yakimfika kiunoni katikati ya uwanda ule, akaandika daftarini.

Hapa yafaa tukumbushane jambo ambalo kila mtoto wa pwani analijua, ili asije mtu akasema lilikuwa la wasomi. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, bahari hujaa sana na kupwa sana, na hilo ndilo bamvua. Katikati yake huja siku za maji mafu, bahari haiendi mbali wala haiji mbali. Mtu akitaka kujua bahari inafika wapi, haendi kuangalia siku ya maji mafu. Hata mlevi haendi.

Mwezi Mei mwaka huohuo wanamgambo waling'oa vijiti vya Sabina. Ng'ambo ya mto vita vilikuwa havijakwisha, na mtu alisema zile alama nyekundu ni za kuzielekeza ndege za Wareno. Msichana akaletwa mjini chini ya ulinzi, na daftari lake, na chupa zake za matope. Josephu aliitwa na bwana mkubwa wa ofisi yake kumdhamini. Ofisi hiyo haitatajwa hapa, wala jina la bwana mkubwa, maana wote waliohudhuria wanayajua. Sabina aliachiwa siku hiyohiyo. Lakini bwana mkubwa alimbakiza Josephu mlangoni akamwambia kwa upole, "Mwambie dada yako asome vitabu, asisome mipaka. Na wewe una mke na watoto, Namahala." Josephu alikwenda nyumbani na maneno hayo, akayatunza kama cheti cha ubatizo.

Kuhusu ndoa. Mwaka 1973 ilikuja barua ya posa kutoka kwa Mwalimu Klemensi wa Mikindani. Shangazi yake mwalimu alipokuja kumtazama mchumba alimkuta anachemsha magamba ya kaa kwenye sufuria ya mama, akauliza kama ndicho chakula cha wasomi. Sabina akamjibu kwa heshima, "Hapana, shangazi, hiki ni kitabu. Chakula kiko jiko lile." Posa ikapita. Arusi ilipangwa Julai 1975, baada ya shahada, kwa masharti ya bibi arusi mwenyewe. Mwalimu Klemensi yuko hapa. Ndiye aliyebeba msalaba mbele ya jeneza.

Sasa tufike kwenye Nakolonji. Katika operesheni ya vijiji iliamuliwa kwamba watu wa kilimani na wa vitongoji vya jirani wakusanywe pamoja. Hilo lilikuwa neno la taifa zima na Sabina hakulipinga. Aliwahi kumwambia Josephu kwamba zahanati na shule ni haki ya watu wale. Kilichobaki ni kuchagua mahali. Jumanne tarehe 24 Septemba 1974 gari la ofisi lilikwenda kuchagua. Bwana mkubwa alikuwemo, wapimaji wawili walikuwemo, na Josephu alikuwemo, akishika mwisho wa utepe na kuandika. Ilikuwa siku ya maji mafu, na kiangazi. Uwanda ulikuwa mkavu, mweupe, umenyooka. Bwana mkubwa aliupenda mara moja. Nyumba zingekaa mistari, na picha ingetoka nzuri.

Bi Zuhura alishuka kilimani, akapiga goti la salamu, akasema, "Bwana, karibuni, lakini mmekuja siku ya maji mafu. Rudini Jumatano ijayo mwone wenyewe."

"Mama, gari lina ratiba," alijibu bwana mkubwa. "Na sisi tunao wataalamu."

"Sawa, bwana. Wataalamu nao wasimame hapa Jumatano."

Watu wa gari walicheka. Bi Zuhura alimgeukia Josephu, kwa kuwa alimjua ni kaka wa nani. "Mwanangu, wewe ni wa Ufukoni. Waambie." Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku hiyo mgeni alikuja, na mwenyeji aliyeombwa neno alitazama daftari lake na kuandika vipimo. Josephu alijua. Alijua kuliko bwana mkubwa, aliyezaliwa bara na hakuwa na kosa la kutojua bahari. Vigingi vikapigwa themanini na vitatu, kimoja kwa kila kaya.

Josephu alimwandikia dada yake habari ile kwa majivuno, kwamba sasa anasafiri na wakubwa. Jibu halikuja kwake. Lilikuja kwa ofisi, barua rasmi ya tarehe 9 Desemba 1974, kurasa nne, pamoja na ramani iliyochorwa kwa mkono. Ilikuwa na orodha ya vijiti vyote arobaini na kina cha maji ya 8 Aprili kwenye kila kimoja. Ilisema pale penye nyumba za mstari wa kwanza maji yangemfika mtu mzima kifuani. Ilitaja siku: "Mwezi mpevu wa Machi 1975 utakuwa Alhamisi tarehe 27. Bamvua kubwa litakuwa Ijumaa na Jumamosi. Mto ukiwa umejaa, eneo lote litakuwa chini ya maji kuanzia saa tisa alasiri. Naomba vigingi vihamishwe kilimani, umbali wa hatua mia nne tu. Naandika si kwa kupinga kijiji bali ili kijiji kidumu."

Barua hiyo ilifika masjala tarehe 17 Desemba. Aliyeifungua ni karani wa masjala. Aliisoma mara mbili, akapiga muhuri wa IMEPOKELEWA, na kuliona jina la chini, Namahala, jina lake. Akayakumbuka maneno ya mlangoni. Barua ya namna ile hutakiwa ipande kwa mkubwa siku hiyohiyo. Josephu aliitia kwenye jalada la Mengineyo, akalirudisha jalada kwenye kabati, na kufunga kabati. Hakuna aliyemlazimisha. Hakuna aliyemtishia siku ile. Bwana mkubwa hakuiona barua, na ni haki yake hilo lisemwe mbele ya watu.

Kisha akafanya lililo baya zaidi. Alimwandikia mdogo wake: "Barua yako imefika na inashughulikiwa." Januari Sabina aliuliza kama vigingi vimeng'olewa. Josephu akajibu kwamba ofisi inalifanyia kazi. Kwa maneno hayo msichana alitulia na kusoma, maana alimwamini kaka yake, na watu wa Nakolonji walibomoa nyumba zao kilimani na kujenga bondeni.

Mitihani ya mwisho ilianza Jumatatu tarehe 10 Machi. Ilikuwa sita. Sabina alikwisha kufanya minne alipopata, tarehe 17, kijibarua cha Bi Zuhura, kilichoandikwa kwa niaba yake na mwalimu wa shule: "Mwali, tumeshajenga. Bamvua la mwezi uliopita limelamba mlango wangu. Tunaambiwa anayerudi kilimani atafungwa. Ile barua yako iliishia wapi?" Alikwenda kwa mwalimu wake wa mimea. Yule bwana, Mungu ambariki, alimsihi kama mzazi. "Umebakiza siku tisa. Fanya mitihani miwili, uende." Sabina alimwonyesha kalenda. Mtihani wa mwisho ulikuwa Jumatano tarehe 26, na meli iliyokuwepo ilikuwa inaondoka tarehe 19. Barabara ya kusini ilikuwa imefungwa na mvua. "Mtihani hurudiwa," alisema. Hayo ameyasimulia mwalimu mwenyewe, katika barua ya rambirambi aliyomwandikia mama.

Ijumaa tarehe 21 alitoka bandarini moja kwa moja hadi masjala, kifurushi mkononi. Hakumsalimu Josephu, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Kaka, naomba kuliona jalada."

Josephu angeweza kusema halionekani. Makarani wanajua kusema hivyo. Alilitoa. Sabina aliitazama barua yake, safi, haina hata alama ya kidole, haina neno lililoandikwa pembeni na mkubwa yeyote.

"Uliniandikia inashughulikiwa."

"Nilikuwa nakulinda, mdogo wangu. Baada ya yale ya Mei—"

"Mimi nilikuwa Dar es Salaam. Mimi sikai bondeni. Ulikuwa unamlinda nani?"

Bwana mkubwa alikuwa safarini hadi Jumatatu ya Pasaka. Sabina aliuliza nani mwingine anaweza kutoa amri, akaambiwa hakuna. Akaenda kwa mama, akala, akalala. Asubuhi ya Jumamosi akapanda lori la korosho.

Yaliyotokea Nakolonji yamesimuliwa na Bi Zuhura. Watu waliwaogopa wanamgambo kuliko walivyoiogopa bahari, kwa maana bahari haifungi mtu jela. Siku tatu wanawake hao wawili walizunguka mlango kwa mlango bila mafanikio. Ndipo Bi Zuhura akapata shauri. Ulikuwa mwezi wa mfungo sita, mwezi wa maulidi, na makaburi ya wazee wao yote yako kilimani. Akatangaza maulidi ya kumrehemu marehemu mumewe, Ijumaa baada ya sala ya mchana, kilimani, na wali upo. Mgambo gani atamzuia Mwislamu kwenda kusoma maulidi? Sabina, Mkatoliki aliyefunga kwa ajili ya Ijumaa Kuu, alipepeta mchele wa maulidi kuanzia alfajiri, na kwa kila aliyepita alimwambia neno moja: "Njooni na watoto, na njooni na magodoro." Wanamgambo wenyewe walisikia harufu ya wali wakapanda.

Kaya hamsini na mbili zilipanda. Nyingine hazikupanda: wapo waliokuwa na ugomvi na Bi Zuhura, wapo waliokuwa na mgonjwa, wapo wazee waliosema wamechoka kuhamishwa. Saa tisa na nusu alasiri maji yalitoka mikokoni, na ya mto yakaja kwa nyuma. Kuta za udongo mbichi zilidondoka moja baada ya nyingine. Sabina alishuka na vijana wa Bi Zuhura kwa mtumbwi, wakawatoa watu kumi na tisa. Kumi na mmoja hawakuwahi. Saba walikuwa watoto. Saa hiyo Josephu alikuwa kanisani, katika mstari wa kuubusu msalaba.

Marehemu hakurudi mjini. Alikaa kilimani akichimbisha vyoo na kuchemsha maji, kwa kuwa visima vilikuwa vimechafuka na kuni zote zilikuwa zimelowa. Watu wanasema aliwachemshia wengine kwanza. Tarehe 11 Aprili aliletwa hospitalini akiwa na homa ya matumbo. Waganga na wauguzi walijitahidi, na familia inawashukuru kwa dhati.

Josephu alikaa kando ya kitanda kila jioni. Tarehe 14 ilitoka amri kwamba nyumba zijengwe upya, palepale, kwa vigingi vilevile, kwa kuwa ramani ilikwisha kupelekwa juu. Josephu ndiye aliyeiandikisha amri hiyo daftarini. Sabina alimwuliza, sauti ikiwa imebaki ndogo, "Wanajenga wapi?" Akamwambia. "Mwezi wa tisa, kaka," alisema. "Bamvua la mwezi wa tisa na la kumi. Wahesabie." Hakusema kwamba amemsamehe, na Josephu hakuwa na uso wa kuuliza. Alifariki Alhamisi tarehe 24 Aprili 1975, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka ishirini na mitano, mama yake akiwa amemshika miguu.

Usiku ule Josephu alimwungamia mama habari ya jalada. Mama alisikiliza mpaka mwisho. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema. "Nilidhani walionilia mtoto ni watu wa mbali." Hakulia mbele yake. Alimpa kalamu.

Marehemu ameacha mama yake, Yustina. Baba mdogo, aliyempenda kwa jina la Binti Matope. Mchumba wake, Mwalimu Klemensi. Mama yake wa pili, Bi Zuhura binti Shabani, aliyekuja na wanawake ishirini wa Nakolonji kwa miguu kutoka Madimba kwa kukosa lori. Wifi yake, Anna, na watoto wake wawili. Na watu wa kaya themanini na tatu ambao Jumatatu wanatakiwa kuendelea kujenga bondeni. Ameacha pia kaka. Mama alipoulizwa kama jina lake liandikwe kati ya wafiwa, alisema, "Mwandike. Lakini mwisho." Ni Josephu.

Ibada haijafika mwisho, wapendwa. Josephu anayo hapa barua ya tarehe 9 Desemba 1974, kurasa nne na ramani, aliyoitoa katika jalada la Mengineyo jana mchana bila ruhusa, na kosa hilo analikubali. Anacho pia kitabu cha kukabidhia barua. Hakuna karani atakayesema hajui maana ya kitabu hiki: aliyetia sahihi amepokea, na aliyepokea hawezi tena kusema hakuambiwa. Bwana mkubwa, tunakushukuru kwa kuja kutufariji na kuketi mstari wa kwanza. Josephu akimaliza kusoma atakuja hapo ulipo. Mstari umeshaandikwa tarehe ya leo, Jumamosi, 26 Aprili 1975, na kalamu ina wino. Bi Zuhura na wenzake watasimama karibu, wapate kuona. Mama ameomba jeneza lisishushwe kabla ya sahihi.

Hilo likiisha, tumwache Sabina apumzike.